Kisu cha Sheffield

Kisu cha mama kilikuwa na maandishi ubapani,
herufi zilizolika kwa kunolewa juu ya jiwe.
Nilizifuata kwa kidole kabla sijaanza shule,
nikadhani ni jina la mwenye kisu.
Kumbe ni mji. Kumbe nitakuja kuukwea,
vilima vyake kama vya Lushoto, ila mvua haina radi,
nikisukuma kigari cha mashuka machafu hotelini
miaka kumi na saba, bila kuumwa hata jino.

Kwetu mtu akikuchoma kwa neno
husemwa amekukata maini.
Mimi nimekatwa kweli, Jumanne, saa mbili asubuhi,
na Daktari Threlfall, mwanamke mfupi, mikono mikavu,
aliyenichorea ini langu nyuma ya bahasha
akatia duara upande wa kulia, ukubwa wa ndimu.
"Hii nitaitoa," akasema.
"Aliyeipanda bado yumo."

Aliyeipanda ni kirusi cha homa ya ini,
tulichoingia nacho duniani siku moja, mlango mmoja.
Mama hakujua. Nani angemwambia?
Asije mtu akanitaka nimlaumu.

Basi kabla ya kisu, kidonge.
Kimoja, cheupe, kila siku saa tatu usiku,
na damu yangu ikahesabiwa kama deni:
milioni nne, laki mbili, elfu moja na ushei.
Nikauliza, si mnakata? Kidonge cha nini tena?
Muuguzi Hallam alijibu kwa maneno yake,
nami nikayasikia kwa yangu:
ini litakalobaki litataka kuchipua,
na shamba halichipui nyani hajafukuzwa.

Kitanda cha pili alilala Lau, mpishi mstaafu.
Alimeza chake miaka tisa, kisha akaacha.
"Nilikuwa mzima," akaniambia,
"mtu mzima anywe dawa ya nini?"
Akafunua shati: makovu mawili, moja juu ya jingine,
kama njia iliyoota nyasi ikafyekwa upya.
Tuligawana chungwa. Hakula.
Tumbo langu lilijaa maji siku tatu, likapwa;
siku ya nane nikaruhusiwa.
Yeye alibaki, macho yameiva manjano,
akaniandikia namba yake kwenye karatasi ya menyu.

Nilimpigia ndugu yangu Hoza, Korogwe.
Nikamwambia, kapime damu.
Akacheka: "Mimi? Jana nimebeba magunia kumi na mawili!"
Nami nilibeba, nikasema.
Kimya. Nikasikia jogoo wake, mchana kweupe.
"Na watu watasemaje?"
Watu, Hoza, hawana ini la kukuazima.
Akasema salio linakwisha. Aliyepiga ni mimi.

Miezi mitatu imepita. Wamenipiga picha.
Ini limejaza pengo, si kwa umbo la zamani,
limevimba upande kama mkate uliokandwa na mtoto,
lakini linafanya kazi.
Kirusi hakionekani kwenye kipimo,
na kutoonekana, nimeonywa, si kutokuwepo.
Daktari hakusema nimepona.
Alisema, "Mpaka sasa."
Maneno mawili tu; nimepanda nayo kilima chote,
nikipumzika kila nguzo ya taa,
mkono ubavuni, kama aliyeficha kitu.

Jikoni nina kisu nilichokinunua hapahapa sokoni,
maandishi yake bado mapya, yananikwaruza kidole.
Ninakata kitunguu, polepole, kwa adabu.
Kisu cha Threlfall kilifanya kazi saa tano kikaoshwa.
Kidonge hakijapata likizo.

Saa tatu kasoro dakika mbili.
Namba ya Lau imo mfukoni mwa koti.
Kesho nitampigia.
Nimesema hivyo tangu Ijumaa.